Kwa Nini Sanamu ya Bronzi Huwa na Uwazi Ndani?

Katika bustani ya kumbukumbu ya Kwame Nkrumah, jijini Accra, zimo sanamu mbili za bronzi za Rais huyo wa kwanza wa Ghana. Moja ni kamili. Nyingine iliangushwa wakati wa mapinduzi ya Februari 1966. Kiwiliwili chake husimama peke yake, na kichwa kimewekwa kando. Mtazamaji aweza kudhani kwamba sanamu kubwa za aina hii ni donge la metali tangu nyayo hadi utosi. Kwa kawaida sivyo.

Bronzi ni aloi ya shaba na bati. Mchanganyiko wa desturi ni sehemu 9 za shaba kwa 1 ya bati. Densiti yake ni kilo 8,800 hivi kwa mita ya ujazo. Chukua mtu mwenye kimo cha mita 1.8, ujazo wa mita za ujazo 0.072 na eneo la ngozi la mita za mraba 1.9. Sanamu yake ikiwa na kimo maradufu, eneo litakuwa mara 4 na ujazo mara 8. Ikiwa haina uwazi, masi yake itakuwa kilo 5,070 hivi. Ikiwa na ukuta wa milimita 6 tu, kilo 400 hivi zatosha.

Gharama si sababu pekee. Bronzi husinyaa ipoapo. Katika donge nene, ganda la nje huganda kwanza. Sehemu ya ndani husinyaa baadaye, ikaacha mapango na nyufa. Ukuta mwembamba wenye unene sawa hupoa kwa ulinganifu.

Ukuta huo hupatikana kwa nta. Msanii hufinyanga mfano wa udongo, mkubwa kidogo ili kufidia msinyao wa asilimia 1 hadi 2. Kutokana na mfano hutengenezwa kalibu, na ndani yake hupakwa nta yenye unene unaotakiwa. Uwazi wa nta hujazwa kiini kisichoungua. Nje huzungushiwa kalibu ya pili, na misumari hukizuia kiini kisisogee. Nta huyeyushwa ikatoka, na bronzi humiminwa mahali pake. Sanamu kubwa husubiwa vipande vipande, kisha huunganishwa. Wafua metali wa Asante, huko huko Ghana, walitumia nta kwa karne nyingi kusubu mawe ya mizani ya kupimia dhahabu.

Kalibu sharti ikauke kabisa. Maji yakigeuka mvuke hupanuka mara 1,700 hivi. Unyevu ukibaki, mvuke waweza kuipasua kalibu na kumrushia msubuji bronzi yenye joto la nyuzi zaidi ya 1,000 za Selsiasi.

Zoezi: Kokotoa masi ya sanamu ya mtu huyo yenye kimo mara 3, kwanza bila uwazi, kisha kwa ukuta wa milimita 6. Eleza kwa nini tofauti imezidi kuwa kubwa.