Wapiti na Miti ya Dhahabu

Swali: Naishi Denver. Mwisho wa Septemba nitakwenda Rocky Mountain National Park na lenzi ya milimita 70–300. Nawezaje kupata wapiti, wale kulungu wakubwa, na majani ya dhahabu katika picha moja?

Jibu: Nenda kwenye malisho ya Moraine Park, ufike kabla ya jua kuchomoza. Kuanzia katikati ya Septemba wapiti madume hushuka kwenye malisho hayo kugombea majike, na mlio wao mkali utakuonyesha walipo hata kabla hujawaona. Piga picha ukiwa kando ya barabara: Septemba na Oktoba ni marufuku kuingia malishoni kwa miguu kuanzia jioni hadi asubuhi. Kanuni inataka umbali wa mita 23 au zaidi. Mimi nakusihi uongeze, maana dume mwenye hasira hushambulia. Akiacha shughuli zake na kukukazia macho, rudi nyuma.

Usijaze fremu kwa kichwa na pembe. Punguza lenzi hadi milimita 100 hivi, mnyama awe mdogo, miti ya aspeni yenye majani ya dhahabu na mlima vipate nafasi. Hapo ndipo picha inapoeleza makazi yake. Alfajiri mwanga ni hafifu, kwa hiyo pandisha ISO hadi 3200 ili shata ibaki 1/500. Chengachenga hupunguzwa baadaye, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Jua likitokea nyuma ya aspeni, majani huwaka na pumzi ya dume huonekana kama moshi. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, baridi huimaliza upesi.