Kimelea au Abiria? Tatizo la Istilahi katika Utambuzi wa Maradhi ya Kamba

Makala haya yanachunguza tatizo dogo la istilahi ambalo huweza kuua. Tatizo lenyewe ni matumizi ya neno 'kimelea' katika maelezo ya Kiswahili kuhusu afya ya wanyama wa majini, hususan kamba wa maji ya chumvi wanaofugwa katika tangi la kioo. Huenda msomaji akajiuliza kamba wa baharini wana uhusiano gani na Kericho na Bomet, nchi ya chai iliyo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uhusiano upo. Kisa kinacholifafanua tatizo hili vizuri zaidi kilitokea katika mito ya magharibi mwa Kenya, upande wa machweo wa nchi hiyo ya chai, na aliyehusika alikuwa kaa wa mtoni, ambaye pamoja na kamba ni wa jamii moja ya krasteshia.

Kwanza, neno lenyewe. Kitenzi 'mea' kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea huzaa 'melea', yaani kumea juu ya kitu kingine. Hapo ndipo panapotoka nomino 'kimelea'. Kimofolojia, basi, neno hili halisemi lolote kuhusu madhara; linasema tu kwamba kitu fulani kimeota juu ya kingine. Biolojia hudai zaidi ya hayo: kimelea sharti ajipatie riziki kwa mwenyeji wake na kumdhuru. Pengo baina ya maana hizo mbili ndilo linalomponza mfasiri. Mwanafunzi wa somo la tafsiri anayeona chembe zilizojishikiza kwenye gamba la kamba ataandika 'vimelea' bila kusita, na msomaji wake atakwenda dukani kutafuta dawa ya vimelea. Dawa nyingi za vimelea vya samaki wa maji ya chumvi zina madini ya shaba. Kipimo kinachomponya samaki humwua kamba. Ajabu ni kwamba damu ya kamba hubeba hewa ya oksijeni kwa kutumia shaba hiyohiyo. Kinachomwezesha kuishi ndicho kinachomwua kikizidi majini.

Ikumbukwe pia kuwa kamba ni mgonjwa asiyejieleza. Tabibu wa binadamu husikia malalamiko ya mgonjwa kisha humchunguza mwili. Mfugaji wa kamba ana macho yake tu, na macho hudanganya. Mfano wa kawaida kabisa ni ule wa mzoga usio mzoga. Kamba hukua kwa kujivua gamba, na gamba alilolivua hubaki zima, likiwa na miguu na papasi zake. Mfugaji mgeni hulia msiba. Angelinyanyua gamba hilo angeona ni jepesi, tupu, na mwanga hupenya. Mwenyewe amejificha chini ya jiwe akingoja gamba jipya ligumuke. Katika muda huo hali chakula na hatoki. Akihesabiwa kuwa mgonjwa na kutiwa dawa, atauawa na tiba ya ugonjwa ambao hakuwa nao.

Zipo hali nyingine zinazohitaji jicho kali zaidi. Uvimbe wa upande mmoja wa kichwa, penye matamvua, kwa kawaida ni kazi ya krasteshia mwingine mdogo ambaye huingia chini ya gamba na kufyonza damu. Huyu ni kimelea kwa maana zote mbili, na ulinganifu wa pande mbili za mwili ndio kipimo rahisi cha kumtambua. Nyama ya mwili ikigeuka nyeupe kama iliyochemshwa, sababu huweza kuwa maikrosporidia, lakini pia huweza kuwa mshtuko tu wa kusafirishwa au wa maji kubadilika ghafla. Madoa meusi aghalabu ni makovu ya jeraha. Madoa meupe ndiyo yanayotisha, kwa kuwa virusi vya madoa meupe viliangamiza mashamba ya kamba barani Asia katika miaka ya 1990, vikafika Msumbiji mwaka wa 2011 na Madagaska mwaka wa 2012. Hata hivyo, bakteria pia huweza kutia gamba madoa ya namna hiyo. Hapa jicho hufika kikomo chake. Maabara pekee ndiyo huamua, kwa kupima chembe za urithi za virusi.

Sasa turejee mitoni. Usubi ni ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaouma watu, na mwisho wake huweza kuwa upofu. Katika magharibi mwa Kenya inzi aliyehusika alikuwa Simulium neavei. Kwa miaka mingi wataalamu walipekua mawe na majani ya mitoni wakitafuta mabuu yake bila mafanikio. Mnamo 1950, V. D. van Someren, mtaalamu wa samaki, pamoja na J. P. McMahon, walitangaza kuwa mabuu hayo huishi juu ya magamba ya kaa wa mtoni. (Kiswahili kina utani wake: kumbe aliyetafutwa alikuwa amekaa juu ya kaa.) Buu huyo hamli kaa. Hujishikiza tu gambani na kuchuja chakula chake katika maji yanayopita. Mwenyeji wake ni mzima. Wanaoumia ni watu wa kando ya mto. Tangu hapo kumkamata kaa na kulikagua gamba lake kukawa njia ya kujua kama inzi bado yupo.

Kwa hiyo buu huyo 'amemelea' bila kuwa kimelea. Makala haya yanapendekeza aitwe 'abiria', neno ambalo kila mtu analo na ambalo halimtuhumu kwa kosa asilolitenda.

Pingamizi lipo, nalo si dogo. Mnamo 1946, miaka minne kabla ya ugunduzi huo, dawa ya DDT ilikuwa imekwisha kutiwa katika mito ya Kodera, na inzi akatoweka huko. Yaani tiba ilifaulu kabla ya makao ya adui kujulikana. Anayependa kutibu kwanza na kuuliza baadaye anaweza kuushika mfano huo. Lakini mto hutiririka, na dawa hupita, tangi halitiririki. Kinachotiwa humo hubaki, na shaba huganda hata katika mawe na mchanga, ikangoja kamba watakaoletwa baadaye. Ndiyo maana mfugaji makini huanza kwa kupima maji: chumvi, ambayo baharini ni takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kisha joto na amonia. Dawa huja mwisho, kama itahitajika.

Bado kuna kundi la tatu linaloisumbua istilahi iliyopendekezwa. Vijidudu vyenye vikonyo huota kama ukungu juu ya gamba la kamba aliyedhoofika. Havimli, kwa hiyo ni abiria. Lakini kamba mwenye afya hujivua gamba na kuwatupa pamoja nalo. Wakizidi, ina maana hajajivua kwa muda mrefu, na huenda wakayaziba matamvua yake. Abiria wa aina hii si chanzo cha ugonjwa, bali ni ishara yake, na akiachwa atakuwa ugonjwa.