Usiifute Ubuntu Bado, Mdogo Wangu

Naona maswali ya wachumba yamepumzishwa kidogo na sasa mnaniletea kompyuta, nami sikatai, maana mkate wangu wa mchana unatoka hukohuko kwenye kompyuta. Barua nyingi zinafanana, kwa hiyo nachukua moja iliyoeleza vizuri:

"Shikamoo dada. Nipo mwaka wa pili. Nimeweka VirtualBox kwenye laptop, ndani yake nikaweka Ubuntu kwa ajili ya somo la mitandao. Laptop inapata wifi bila shida, lakini Ubuntu haipati kitu. Nimeifuta nikaiweka upya, wapi! Mwenzangu akaniambia nibadilishe iwe Bridged, ndiyo ikawa balaa zaidi. Kazi natakiwa kuiwasilisha Ijumaa."

Mdogo wangu, kwanza toa mkono kwenye kitufe cha kufuta. Kadi ya mtandao ambayo Ubuntu inaiona hapo si kadi ya kushikika. Imeundwa na VirtualBox, na mipangilio yake inakaa kwa VirtualBox, nje ya Ubuntu kabisa. Unaweza kuiweka Ubuntu upya mpaka Krismasi. Kama kadi hiyo imechomolewa waya, utaikuta imechomolewa vilevile.

Naam, waya. Laptop inatumia wifi, lakini mashine pepe, yaani hiyo kompyuta ya ndani ya VirtualBox inayobeba Ubuntu, inaambiwa kwamba imeungwa kwa waya. Ndiyo maana ndani ya Ubuntu huoni orodha ya wifi za majirani. Kuna mwingine kaniandikia anatafuta draiva ya wifi ya kuweka ndani ya VirtualBox. Acha kuitafuta mpenzi, wala huihitaji.

Sasa, hili swali la "mtandao upo au haupo" liweke kando. Uliza: unafika wapi ndipo unakwama? Fungua terminali uandike:

ip a

Ile ya kwanza, lo, yenye 127.0.0.1, ipite, hapo mashine inaongea na nafsi yake. Tazama ya pili, ambayo kwenye VirtualBox mara nyingi huitwa enp0s3. Kama uko kwenye NAT, ambayo ndiyo VirtualBox huanza nayo usipogusa kitu, utarajie kuona 10.0.2.15. Ukiiona, shusha pumzi: kadi ipo, waya umechomekwa, anwani umepewa.

Ukiona enp0s3 ipo lakini pembeni pameandikwa NO-CARRIER, huo ndio waya uliochomoka. Rudi kwenye VirtualBox, ingia Settings, Network, Adapter 1, utafute kisanduku kilichoandikwa Cable Connected ukitie tiki. Matoleo mengi yamekificha chini ya Advanced. Na kama enp0s3 haionekani kabisa, ama Adapter 1 yenyewe imezimwa, ama umechagua aina ya kadi ambayo mfumo wako hauna draiva yake. Intel PRO/1000 MT Desktop haisumbui Ubuntu. Ile ya virtio ni nyepesi na Linux inaijua, ila kwenye Windows lazima uiwekee draiva wewe mwenyewe. Na wenye Windows ndani ya mashine pepe, ninyi amri yenu ni ipconfig. Mkikuta anwani inayoanza na 169.254, jueni Windows imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipachika yake.

Ikiwa anwani ipo, tembea hatua kwa hatua kwenda nje:

ping -c 3 10.0.2.2
ping -c 3 8.8.8.8
ping -c 3 google.com

Ya kwanza ni mlango wa kutokea ambao VirtualBox imekutengenezea. Usipojibiwa hapo, shida iko ndani, kwenye mipangilio ya Ubuntu au ya Adapter 1, na huna haja ya kugombana na wifi ya mtu. Ukijibiwa hapo lakini 8.8.8.8 ikae kimya, geukia laptop yenyewe. Bando limeisha? Wifi ya chuo inasubiri uingize jina na nywila kwenye ukurasa wake? Kuna antivirusi inayozuia? Ila tahadhari: mitandao mingine ya vyuo na ofisi huzuia ping makusudi, hivyo kabla hujalaumu mtu jaribu pia curl -I http://example.com. Ikirudisha majibu ya example.com yenyewe, si ya ule ukurasa wa kuingilia wa chuo, njia iko wazi.

Halafu ipo ile ya tatu, ambayo naona ndiyo inawaliza wengi bila wao kujua: 8.8.8.8 inajibu vizuri, lakini google.com inaambiwa "Temporary failure in name resolution". Intaneti unayo. Unachokosa ni DNS, yule anayegeuza jina kuwa namba. Na sababu yake mara nyingi ni maisha yenu ya kuhamahama. Asubuhi uko maktaba kwenye wifi ya chuo, unafunga mfuniko wa laptop mashine pepe ikiwa inawaka, jioni unaifungulia hosteli kwenye hotspoti ya simu. Kwa kawaida NAT ya VirtualBox humpa mgeni wake, yaani mashine pepe, DNS zilezile za laptop, kwa hiyo Ubuntu yako bado inamuuliza DNS wa chuo, ambaye kutoka hosteli hafikiki. Andika resolvectl status utaiona anwani yake imekaa hapo. Dawa: zima muunganisho ndani ya Ubuntu, uuwashe tena, ichukue mpya. Wanaohama kila siku wanaweza kuwasha kipengele cha natdnsproxy kwa amri ya VBoxManage, mashine ikiwa imezimwa, ili VirtualBox yenyewe ipokee maswali ya DNS na kuyapeleka kwa DNS anayetumika wakati huo.

Sasa huyo mwenzako wa Bridged. Simlaumu, ushauri huo umeenea mno, na watu huutoa kama wanavyotoa panado. Mimi siupendi. NAT ni kama kutumia S.L.P. ya baba: barua zako zinatoka na kurudi kwa sanduku lake, posta hawajui hata kama upo, na mambo yanakwenda. Bridged ni kwenda posta kuomba sanduku lako mwenyewe. Mashine pepe inajitokeza kwenye ruta kama kompyuta nyingine kamili na kuomba anwani yake. Nyumbani kwenye ruta ya kawaida itapewa. Kwenye wifi ya chuo inayosajili kila kifaa, itaonekana mgeni asiyejulikana na kuachwa mlangoni. Kwenye hotspoti na kadi nyingi za wifi hali ni ya kubahatisha, maana kadi hizo hazipendi kubeba anwani za MAC za mashine mbili. Na lipo jambo dogo ambalo huenda ndilo lililokupata: ukichagua Bridged unatakiwa pia uchague inashikana na kadi gani ya laptop. Kama imeshika tundu la waya ilhali wewe uko kwenye wifi, hakuna kitakachopita.

Kwa hiyo rudisha NAT. Bridged iombe pale tu ambapo kompyuta za wenzako kwenye mtandao huo zinatakiwa kuifikia seva iliyo ndani ya mashine yako, na hapo jitahidi utumie waya. Kama anayetaka kuifikia ni laptop yako mwenyewe, kuna njia ya amani: Port Forwarding, hapohapo kwenye mipangilio ya NAT. Andika kwamba mlango 2222 wa laptop uelekee mlango 22 wa mgeni, kisha kutoka kwenye laptop:

ssh -p 2222 jinalako@127.0.0.1

Hakikisha tu openssh-server imewekwa ndani ya Ubuntu. Tovuti unayoijenga nayo ni vivyo hivyo, 8080 iende 80.

Dada mmoja, mwaka wa tatu, kaniuliza kwa nini mashine zake mbili haziongei ilhali zote zina intaneti. Alipotazama anwani akakuta zote ni 10.0.2.15, akadhani zinagombana. Hazigombani. Kwenye NAT ya kawaida kila mashine imefungiwa chumba chake, na kila chumba kina 10.0.2.15 yake. Ukitaka zionane, tengeneza NAT Network uziingize zote humo. Na kama ya pili uliipata kwa kunakili ya kwanza, hakikisha wakati wa kunakili ulichagua zipewe anwani mpya za MAC. Kwenye Ubuntu ya seva tazama pia /etc/machine-id. Ikifanana, mashine mbili zinaweza kupewa anwani moja hata kama MAC ni tofauti. Tena usiamue kwamba hazionani kwa kuwa ping kwenda kwenye Windows imegoma. Windows Firewall kwa kawaida haijibu ping za wageni. Ruhusu ping, usiizime Firewall yote.

Huyohuyo kaniambia vijana wa darasani wakiona mashine yake imekwama humnyang'anya kibodi, "lete nikuonyeshe". Mdogo wangu, usiachie kibodi. Anayetaka kusaidia asimame pembeni aseme, wewe ndiye uandike. Na ukienda kwa msimamizi wa maabara usiseme "haifanyi kazi", mwambie "ninajibiwa na 10.0.2.2 lakini si na 8.8.8.8, niko kwenye NAT." Utaona anavyokaa vizuri kwenye kiti.

Kitu kingine hujifanya mtandao na kumbe si mtandao: saa. Ukirudi kwenye snapshot ya mwezi uliopita, Ubuntu inaweza kuamka ikidhani bado ni mwezi uliopita. Hapo sudo apt update inakataa ikisema faili la Release bado halijaanza kutumika, na tovuti za https zinalalamikia vyeti. Andika date, ulinganishe na simu yako.

La mwisho ni la yule aliyelia kwamba bando lake la wiki limeisha usiku mmoja baada ya kuweka Windows kwenye mashine pepe. Hujaibiwa. Laptop inajua iko kwenye hotspoti na huenda umeiambia ibane matumizi, lakini Windows iliyo ndani inaona waya tu, na kwenye waya haioni sababu ya kubana chochote, kwa hiyo inavuta masasisho yake. Ingia ndani yake, Settings, Network & internet, Ethernet, uwashe Metered connection. Na usiku ukilala, izime.