Kisiwa cha Samsø na Mpango Wake wa Miaka Kumi

Nchi ya Denmark iko kaskazini ya Ulaya, na katika bahari yake mna kisiwa kidogo kiitwacho Samsø. Eneo lake ni kilomita za mraba 114 tu, na wenyeji wake hawafiki 4,000. Baadhi yao huishi kwa kilimo. Hulima ngano, mboga na viazi, na viazi vyao vya mwanzo wa majira husifiwa nchini kote. Upepo huvuma huko sana, maana hakuna milima mirefu ya kuuzuia.

Hata hivyo, kwa miaka mingi watu wa Samsø walifanana na mtu aishiye kando ya mto, naye hununua maji dukani. Umeme wao ulikuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na sehemu kubwa ya umeme huo ilipatikana kwa kuchoma makaa ya mawe. Mafuta ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi yaliletwa kwa meli. Fedha zilitoka kisiwani, na moshi ulipanda hewani.

Je, moshi huo una madhara gani? Makaa ya mawe na mafuta yachomwapo hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo haionekani kwa macho, lakini huifunika dunia mfano wa blanketi na kuzuia joto lisitoke. Zamani, kabla ya viwanda vikubwa, katika kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Sasa zimepita 420. Ndiyo sababu dunia inazidi kupata joto, na majira ya mvua na ya kiangazi hayatabiriki kama zamani. Kupunguza hewa hiyo ni kazi ya mataifa yote. Lakini taifa ni wilaya nyingi, na wilaya ni vijiji vingi. Basi kazi ianzie wapi?

Mwaka 1997 serikali ya Denmark ilitangaza shindano. Visiwa vinne na rasi moja viliulizwa hivi: Ni nani awezaye kutunga mpango mzuri wa kupata nguvu zake zote, katika muda wa miaka kumi, kwa vitu visivyokwisha, kama upepo, jua na mabaki ya shamba? Baraza la Samsø lilitoa mpango wake, nao ukashinda. Ushindi huo haukuleta mfuko wa fedha. Ulileta jina na kazi.

Mpango ulipokwisha kuandikwa, ulikuwa bado karatasi tu. Watu wengi hawakuujali. Kila mmoja alingoja jirani yake aanze. Ndipo Søren Hermansen, mwana wa mkulima wa kisiwa hicho aliyepata kuwa mwalimu, alipoajiriwa kuwaeleza wenziwe. Alihudhuria mikutano mingi, akaketi nao, akawasikiliza. Miaka ile machinjio ya kisiwa yalikuwa yakifungwa, na watu walihofu kukosa kazi. Kwa hiyo hakuanza kwa habari za dunia nzima. Alianza kwa habari za mishahara na za gharama za nyumba. Mafundi wa bomba na wa umeme walipotambua kwamba watapata kazi, wakaanza kusikia. Majirani walipoona wa kwanza wameanza, wakafuata.

Mwaka 2000 vinu 11 vya upepo vilisimamishwa nchi kavu. Kila kimoja kina nguvu ya megawati 1, yaani kilowati 1,000. Tisa vilikuwa mali ya wakulima, na viwili vilikuwa mali ya watu mamia walionunua hisa ndogo ndogo. Kinu kilipozunguka, hakikuwa kelele ya mgeni shambani. Kilikuwa mali ya mtu fulani na jirani zake.

Halafu baraza lilitazama magari na meli za kivuko. Hivyo vilitumia mafuta, na haikuwezekana kuvibadili vyote kwa miaka michache. Basi wakakata shauri kufanya umeme mwingi kupita haja yao na kuupeleka bara, ili umeme huo safi ulipie moshi wa magari yao. Mwaka 2003 vinu 10 vilianza kazi baharini, kusini ya kisiwa, kila kimoja megawati 2.3. Baraza lenyewe likanunua vitano, na vingine vikawa vya wakulima na wenye hisa.

Na joto la nyumba? Vilijengwa viwanda vya kuchemsha maji, na maji hayo hupita kwa mabomba chini ya ardhi mpaka majumbani. Vingine huchoma mabua makavu ya ngano. Kimoja, cha upande wa kaskazini, hutumia jua na vibanzi vya miti. Mabua hutoa hewa ya ukaa yachomwapo, lakini ngano ya mwaka ujao huifyonza tena ikuapo. Makaa ya mawe hayaoti tena shambani.

Miaka kumi ilipotimia, kisiwa kilifanya umeme kwa upepo kupita kiasi walichotumia. Kazi haijaisha. Magari na meli vilibaki vikitumia mafuta, na wenyeji walijiwekea shabaha nyingine, kuacha mafuta na makaa kabisa ifikapo mwaka 2030.

Sasa tutazame karibu na kwetu. Kenya ina kaunti 47, na sheria ya nishati ya mwaka 2019 huiagiza kila serikali ya kaunti itunge mpango wake wa nishati. Upepo hauwapungukii: katika kaunti ya Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, vipo vinu 365, jumla megawati 310, na umeme wake ulianza kuingia katika nyaya za taifa mwaka 2018. Kazi hii ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya Samsø. Lakini mwaka 2014, kabla vinu havijasimama, baadhi ya wenyeji walipeleka shauri mahakamani, wakidai kwamba ardhi ya jumuiya yao ilitolewa pasipo wao kushauriwa ipasavyo.

Habari hizi mbili zina fundisho moja. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kila kaunti na kila wilaya yapaswa kuandika mpango wake. Lakini mpango hufika mwisho wake ukiwa na watu ndani yake. Mwenye fungu hulilinda fungu lake, na asiye na fungu hukaa kando na kutazama.

MASWALI
1. Kabla ya mwaka 1997 watu wa Samsø walipata wapi umeme na mafuta?
2. Kwa nini Hermansen alianza kwa habari za kazi na gharama?
3. Vinu 10 vya baharini vina nguvu ya megawati ngapi kwa jumla? Ukiongeza vile 11 vya nchi kavu, jumla ni ngapi?
4. Eleza kwa nini baraza liliamua kufanya umeme kupita haja ya kisiwa.
5. Ungekuwa mjumbe wa baraza la wilaya yako, ungewauliza wenyeji jambo gani kabla ya kuandika mpango?