Nani Anatembea Nawe Shuleni?

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA USHIRIKA WA NYUMBANI

Andiko kuu: Danieli 1:3-20
Soma pia: Mithali 13:20, 1 Samweli 3:1-10, 2 Samweli 13:1-5 na 30-33, 2 Mambo ya Nyakati 24:1-22

Utangulizi

Shule zinafunguliwa, na nyumba nyingi za kanisa hili zimekuwa na shughuli. Tumenunua sanduku, godoro, sare na vitabu. Karo tumeitafuta, wengine kwa kuuza mbuzi, wengine kwa mkopo wa chama. Ile orodha ya shule tumeipiga tiki yote. Lakini kuna jambo moja ambalo haliandikwi kwenye orodha hiyo, nalo litaamua mengi kuliko godoro: ni nani atakayetembea na huyu mtoto akishatoka mikononi mwetu?

Mithali 13:20 inatufundisha kwamba hekima huambukizwa kwa kutembea pamoja. Upumbavu nao huambukizwa vivyo hivyo, ila wenyewe unakuja na maumivu. Sulemani haulizi kama kijana ana akili. Anauliza anatembea na nani.

Mwaka huu wa 2026 swali hili lina uzito wa kipekee hapa Kenya. Ndio mwaka wa kwanza wa Gredi ya 10. Waliowatangulia shuleni, wale wa kidato cha tatu na cha nne, bado wako katika mfumo wa 8-4-4. Kwa hiyo mwanafunzi wa Gredi ya 10 hana kaka wala dada aliyepita njia yake akamwambia, “Mimi nilichagua sayansi, ikawa hivi,” au “Mimi nilichagua sanaa na michezo, ikawa hivi.” Tena wengi wao walisoma sekondari msingi wakitoka nyumbani kila asubuhi. Leo ndio wanalala bwenini mara ya kwanza. Mtoto wa namna hiyo atatafuta mtu wa kumfuata. Na akitafuta, atampata. Swali ni nani.

1. Danieli naye alipelekwa bweni

Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana walipotolewa kwao wakapelekwa Babeli. Waliwekwa katika masomo ya miaka mitatu, wajifunze lugha na elimu ya Wakaldayo. Ni miaka mitatu, sawasawa na Gredi ya 10 hadi ya 12! Wakapewa majina mapya: Danieli akaitwa Belteshaza, na Hanania, Mishaeli na Azaria wakawa Shadraka, Meshaki na Abednego. Mwanafunzi, wewe unajua jambo hilo. Ukifika tu unaitwa mono, na wiki ya pili una jina la utani ambalo mama yako hajawahi kulisikia.

Angalia mambo matatu aliyoyafanya Danieli.

Kwanza, aliamua mapema moyoni kwamba hatajitia unajisi. Hakungoja mpaka sahani iko mbele yake. Kijana anayesema “nitaona tukifika” tayari amekubali, hajajua tu.

Pili, hakuwa peke yake. Walikuwa wanne. Na katika Danieli 2:17-18, taabu ilipokuja, aliwaendea haohao wenzake akawaambia waombe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Tatu, alizungumza na wakubwa kwa heshima. Mkuu aliyewasimamia alimpenda, lakini alimwogopa mfalme. Danieli hakumtukana wala hakugoma. Alimwendea msimamizi aliyekuwa karibu nao, akaomba wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Hapo kuna somo la kumwendea mwalimu mlezi wa darasa au mwalimu wa ushauri nasaha. Msimamo wa imani hauhitaji ukaidi.

2. Rafiki mwenye akili nyingi si lazima awe rafiki mwema

2 Samweli 13 inasema Amnoni, mwana wa Daudi, alikuwa na rafiki aitwaye Yonadabu. Tena walikuwa ndugu, mtoto wa baba mkubwa. Biblia inamtaja kuwa mtu mwerevu sana. Alimwona Amnoni amekonda akamuuliza shida ni nini, kama rafiki anayejali. Lakini ushauri aliompa ulikuwa mpango wa kumnasa Tamari. Tamari akaharibiwa maisha, na baada ya miaka miwili Amnoni akauawa.

Sasa sikia hili vizuri. Siku ile Amnoni alipokufa, Yonadabu alikuwa wapi? Soma mstari wa 32. Alikuwa amesimama mbele ya mfalme, mzima, akieleza kwa utulivu kwamba aliyekufa ni Amnoni peke yake. Mwenye mpango alibaki. Mwenye kufuata mpango ndiye aliyezikwa.

Wapendwa, si habari ya zamani tu. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini mwetu zilichomwa moto. Kabla ya hapo, mwaka 2001, moto wa bweni kule Kyanguli, Machakos, uliua wanafunzi zaidi ya 60. Mambo kama hayo huanza kwa minong'ono usiku, wawili watatu wakipanga, na wengine wakiona aibu kusema hapana. Kijana ambaye hakuwa na shida na mwalimu yeyote anajikuta mahakamani kwa sababu aliogopa kuitwa mwoga.

Mpime rafiki yako kwa maswali haya. Nikiwa naye, naficha nini? Nikimwambia “hapana,” anabaki rafiki? Tangu tuanze kutembea, masomo yangu na maombi yangu yamepanda au yameshuka? Mambo yakiharibika, mimi ndiye nitakayeumia na yeye atakuwa pembeni akieleza?

Kisha mlinganishe Yonadabu na Yonathani. Katika 1 Samweli 23:16, Daudi amejificha msituni, na Yonathani anamfuata huko kumtia nguvu katika Mungu. Alijua kwamba Daudi ndiye atakayekuwa mfalme, si yeye, na hakumwonea kijicho. Ukipata mwenzako darasani anayefurahi ukimpita kwa alama, usimwache aende.

3. Mlezi mwema anakufundisha kuisikia sauti ya Mungu

Samweli alipelekwa hekaluni Shilo akiwa mdogo. Usiku ule alipoitwa alikimbilia kwa Eli, maana sauti aliyoizoea ilikuwa ya Eli. Mzee yule alikuwa na makosa mengi nyumbani kwake, lakini hapa alifanya jambo jema kabisa. Hakusema, “Ndiyo, ni mimi, leta maji.” Alitambua ni Bwana, akamwonyesha mtoto namna ya kuitika, kisha akamrudisha akalale. Hiyo ndiyo kazi ya mlezi. Hamfungi kijana kwake. Anamwelekeza kwa Mungu halafu anakaa kando.

Ndiyo maana hata kwa Gredi ya 10, ambao hawana aliyewatangulia katika mtaala wao, bado sisi tuna cha kuwapa. Huenda hujui lolote kuhusu mikondo ya masomo. Lakini unajua kuamka mapema, unajua kukosa pesa bila kuiba, unajua kuomba msamaha. Hayo hayabadiliki mtaala ukibadilika.

4. Lakini mlezi hawezi kuamini kwa niaba yako

Mfalme Yoashi alitawazwa akiwa na miaka saba. Alilelewa na kuhani Yehoyada, na siku zote za kuhani huyo alifanya mema, hata akatengeneza nyumba ya Bwana. Yehoyada alipokufa, wakuu wakaja wakainama mbele ya Yoashi, naye akawasikiliza. Akaiacha nyumba ileile aliyoitengeneza. Zekaria, mwana wa Yehoyada, alipomkemea, Yoashi akaamuru auawe. Mtoto wa mlezi wake!

Yoashi alikuwa na mlezi bora, lakini imani ilikuwa ya mlezi. Linganisha na Danieli sura ya 3. Katika habari ya tanuru la moto Danieli hatajwi kabisa. Wale watatu walisimama hata hivyo. Urafiki wao na Danieli uliwakomaza, haukuwafanya wamtegemee. Mzazi, mtoto wako anaomba kwa sababu uko sebuleni, au anaomba?

5. Neno la tahadhari

Tuseme wazi, kwa sababu kanisa likinyamaza watoto wanaumia. Si kila mtu mzima anayejiita mlezi ni mlezi. Akikuambia jambo lenu liwe siri, akikupa pesa au simu na kukukataza kusema, akitaka mkutane mahali palipojificha, akikugusa isivyofaa, huyo si mlezi hata kama ni mwalimu, ndugu wa familia au mtumishi madhabahuni. Mwambie mzazi au mtu mzima mwingine unayemwamini. Piga nambari 116, ya kusaidia watoto, haitozi pesa. Mzazi, mtoto akikuambia, msikilize kabla hujauliza alivaa nini. Tamari aliambiwa anyamaze na kaka yake, na kunyamaza hakukumponya.

Tufanye nini wiki hii?

Mwanafunzi: Siku za kwanza shuleni tafuta ushirika wa Kikristo, ule mnaouita CU. Tafuta wenzako wawili au watatu wa kuomba nao. Chagua mwalimu mmoja ambaye unaweza kumwendea kama Danieli alivyomwendea msimamizi.

Mzazi: Siku ya kutembelea, usiulize alama peke yake. Uliza, “Unakaa na nani? Niitie nimsalimie.” Mbebee chapati na huyo rafiki pia. Utajifunza mengi kwa dakika kumi.

Kanisa: Kila mwanafunzi awe na mzee au mama mmoja, anayejulikana na wazazi, wa kumwombea kwa jina na kuzungumza naye likizoni, mahali pa wazi. Tusingoje mtoto afukuzwe shule ndipo tujue jina lake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Danieli alifanikiwa kuzungumza na wakubwa bila kuvunja msimamo wake?
2. Yonadabu alionekana kumjali Amnoni. Tunatambuaje ushauri mbaya unaokuja na sura ya upendo?
3. Yoashi alikosa nini ambacho wale vijana watatu walikuwa nacho?
4. Taja mtu mmoja aliyekushika mkono ukiwa shuleni. Alifanya nini hasa? Wewe utamfanyia nani?

Maombi

Baba, tunawaweka wanafunzi wetu mikononi mwako. Wape akina Yonathani, waepushe na akina Yonadabu. Walimu wao uwape moyo wa kulea. Sisi wazazi utufundishe kusikiliza. Na usiku ule utakapowaita kwa majina yao, bwenini, mbali na sisi, waitambue sauti yako. Katika jina la Yesu. Amina.