Kumchagua Farasi Jike wa Mashindano na wa Uzazi

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za Mendel na njegere zake huenda akajiuliza iwapo kanuni zile zina kazi yoyote nje ya chumba cha mtihani. Makala haya yanamjibu kwa mfano kutoka Marekani, ambako kosa katika hesabu ya urithi humpotezea mfugaji fedha nyingi na kumtesa mnyama asiye na hatia.

Wachunga ng'ombe wa huko wana mchezo uitwao reining, yaani uongozaji kwa hatamu. Mpanda farasi huingia uwanjani peke yake na kufuata mpango uliowekwa: hukimbiza farasi katika miviringo mikubwa na midogo, humzungusha mahali pamoja kama pia, humrudisha kinyumenyume, na humsimamisha ghafula akiwa mbioni hata akateleza kwa miguu ya nyuma mita kadhaa. Chama cha taifa cha mchezo huu kiliundwa mwaka 1966. Mwamuzi humwanzishia kila mshindani alama 70, kisha kwa kila tendo huongeza au kupunguza hadi alama moja na nusu. Farasi atumikaye zaidi ni wa mbari ya Quarter Horse, aliyepata jina hilo kwa umahiri wake katika mbio za robo maili, yaani takriban mita 400.

Anayetaka kununua jike kwa kazi hii huanza na mwili. Jike afaaye si mrefu. Kimo chake begani hukaribia sentimeta 150. Katika kusimama kwa kuteleza, uzito mwingi huangukia nyuma, miguu ya mbele ikiendelea kutembea huku ile ya nyuma imekunjwa chini ya tumbo. Basi kiuno kiwe kifupi na chenye nguvu, na vifundo vya miguu ya nyuma viwe imara na karibu na ardhi. Vifundo hivyo ndivyo viumiavyo kwanza, kwa hiyo mnunuzi mwangalifu huomba picha za eksirei. Mashindano makubwa ya vijana ni ya farasi wa miaka mitatu, maana yake mafunzo huanza akiwa na miwili, kabla mifupa ya uti wa mgongo haijakomaa. Kwa maoni ya mwandishi, jike aliyepumzishwa kidogo utotoni ni bora kuliko mwenye vikombe vingi na viungo vilivyochakaa.

Akitakiwa pia kuzaa, mambo huzidi. Mtoto hupokea kromosomu 32 kutoka kwa kila mzazi, lakini mitokondria zake hutoka kwa mama. Na ni mama amlishaye tumboni kwa miezi kumi na mmoja, kisha kwa maziwa. Dume huweza kuzaa watoto wengi kwa mwaka mmoja, ilhali jike kwa njia ya kawaida huzaa mmoja tu. Kosa katika kumchagua jike, kwa hiyo, hupoteza mwaka mzima. Jike huzaliwa akiwa na akiba yake ya mayai, nayo huzeeka pamoja naye. Jike aliyeshindana hadi miaka kumi na mitano bila kuzaa aweza kuwa na mji wa mimba uliokwisha kuharibika, ijapokuwa kwa nje ni mzuri wa kupendeza. Daktari wa mifugo huchukua kipande kidogo cha ukuta wake na kukitazama kwa hadubini.

Sasa tufike kwenye urithi wenyewe. Katika mbari hii umo ugonjwa wa ngozi uitwao kwa kifupi HERDA, unaohusishwa na ukoo wa dume mashuhuri Poco Bueno, aliyezaliwa mwaka 1944. Kasoro ya jeni isababishayo ugonjwa huo ilitambuliwa mwaka 2007. Jeni hiyo huhusika na ukunjaji wa kolajeni, protini iipayo ngozi uimara wake. Mtoto mgonjwa huonekana mzima hadi siku atakapotandikwa. Hapo ngozi ya mgongo huchanika na kuacha vidonda visivyopona vizuri. Wengi huishia kuuawa, kwa kuwa tiba haipo.

Ugonjwa huu ni wa jeni fifi. Farasi mwenye nakala moja yenye kasoro haugui. Hukimbia, hushinda, huuzwa kwa bei kubwa. Tuandike jeni nzima kuwa N na yenye kasoro kuwa h. Jike Nh akipandwa na dume Nh, matarajio ni NN mmoja, Nh wawili na hh mmoja katika kila wanne. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa mifuko miwili, kila mmoja una maharage meusi na meupe kwa idadi sawa: mwanafunzi atoe punje moja katika kila mfuko, aandike jozi, azirudishe, na arudie mara mia.

Wafugaji wengine hufarijika kwa kusikia kwamba hatari ni robo tu. Faraja hiyo ni ya uongo. Uwezekano wa kupata watoto watatu mfululizo wasiougua ni 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 27/64. Uwezekano wa kupata angalau mmoja mgonjwa ni 37/64, zaidi ya nusu! Lakini jike yuleyule Nh akipandwa na dume NN, hakuna mtoto atakayeugua, ingawa nusu yao hutarajiwa kubeba kasoro. Kwa hiyo jike mwenye nakala moja si lazima atupwe; lililo muhimu ni kujua kabla ya kumchagulia mume. Wauza farasi, kama wauza ng'ombe mnadani, hawana haraka ya kutaja kasoro, hivyo mnunuzi na adai cheti cha maabara.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Nywele ishirini au thelathini za shingoni au mkiani hung'olewa na kupelekwa maabara. Zisikatwe kwa mkasi, kwa maana seli zenye viini zimo katika mizizi.