Usimpe Mzee Uji Mtupu

Kwa wahudumu wa makao ya wazee na familia zinazotunza wazee nyumbani

Kwa nini uji mtupu haufai

Mzee wa kilo 50 anahitaji angalau gramu 50 za protini kwa siku. Kikombe cha uji wa vijiko viwili vya sembe hakifikishi hata gramu 2. Akinywa vitatu, tumbo limejaa lakini mwili bado una njaa. Nyama za mapaja zinaisha, anaanguka, na kidonda cha kulalia kinakataa kupona. Sahani tupu kila mtu huiona. Kikombe cha uji mtupu humfanya mhudumu aamini kwamba mzee ameshakula, ndiyo maana tunarudia: usimpe mzee uji mtupu.

Cha kuongeza

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2009 yalionyesha kuwa wazee wakiongezewa chakula chenye nguvu na protini, uzito hupanda. Si sana, ila hupanda. Miongozo ya Ulaya inataka nyongeza hiyo ifike gramu 30 za protini kwa siku, kwa mwezi mmoja au zaidi. Si lazima iwe ya kopo la dukani. Glasi mbili za maziwa, yai moja na vijiko viwili vya karanga zilizosagwa vinakaribia kiasi hicho. Mtasema maziwa ni ghali. Kweli, basi anzeni na karanga au unga wa dagaa, hata kabla ya kununua chupa ya vitamini, maana vitamini hazijazi nyama mwilini.

“Ni uzee tu”

Kupungua kilo 3 ndani ya miezi mitatu si uzee. Mpelekeni zahanati.

Tahadhari

Mzee anyweshwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, na asilazwe mara amalizapo. Akipaliwa mara kwa mara, acheni na mumwone mganga. Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla ya kuuliza. Mwenye kisukari asirundikiwe sukari. Karanga zenye ukungu zitupwe, msizichambue. Yai lichemke hadi liive. Mzee asiye na meno apewe chakula laini, si chepesi: uji ukimwagika kama maji, huo bado ni uji mtupu.

Mizani

Mpimeni kila mwezi kwa mizani ile ile, na mwandike.